Neno "Kutembea" na Watoto Wake

Yako maneno tunayoyatumia kila siku bila kuyatazama, kama mtu avaavyo viatu vyake asubuhi bila kuangalia soli zake. Neno "kutembea" ni mojawapo. Hapa Kalemie, kabla jua halijafika utosini, mtu amekwisha kulisikia mara nyingi. Amepiga hodi kwa jirani, na mtoto amemjibu: "Baba ametembea," maana yake hayupo nyumbani. Amepishana na mama mwenye beseni la ndagala kichwani, anayetembeza samaki zake nyumba kwa nyumba. Ameambiwa kwamba mzee fulani ni mgonjwa, wala hakuna anayemtembelea. Amemsikia bibi akishangilia mjukuu wake: "Anatembea! Anatembea!" Tena kwenye bomba la maji amesikia watu wakinong'onezana kwamba fulani "anatembea na" mke wa mtu.

Basi neno moja limebeba furaha ya bibi, riziki ya mama, huruma kwa mgonjwa, na aibu ya uzinzi. Ndiyo maana twauliza: kutembea ni jambo jema, au ni jambo baya? Labda mtu atacheka na kusema kwamba hilo ni swali la watoto wa shule. Sivyo. Katika mji wetu watu huhukumiwa kila siku kwa neno hili, na wengine huhukumiwa bila haki. Yafaa tulitazame polepole, kwa kuwa mwenda pole hajikwai.

Tuanze na mama mwenyewe, yaani neno likiwa peke yake. Kiswahili hakikosi maneno ya kueleza jinsi miguu inavyokwenda. Mtoto hutambaa, kisha husimama dede. Mzee hujikongoja. Mwenye kidonda huchechemea, mlevi hupepesuka, mwizi hunyata, mwenye majivuno huenda kwa maringo, na asiyetaka kazi huzurura. Ukisikia maneno hayo umekwisha kumjua mtu nusu. Lakini "kutembea" halitoi lawama wala sifa. Lasema tu kwamba miguu inapokezana na mtu anasogea.

Na jambo hili la miguu kupokezana ni la zamani sana katika nchi zetu. Huko Laetoli, kaskazini ya Tanzania, katika majivu ya volkano yaliyogeuka kuwa jiwe, wataalamu wa Mama Mary Leakey waliona mwaka wa 1978 nyayo za viumbe waliotembea wima, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo hizo hazituambii kama wenyewe walikuwa wapole au wakali, wala walikuwa wanaelekea wapi. Lakini jambo moja laonekana wazi: hazikuwa za mmoja. Nyayo zinakwenda pamoja, kubwa na ndogo. Hata huko mbali kabisa, aliyetembea alikuwa na mwenzake.

Watu wa kale waliona kwamba katika kutembea mna siri ya maisha yote. Wayahudi huiita sheria yao Halakha, na neno hilo latoka katika shina lenye maana ya kwenda. Mtakatifu Toma wa Akwino, anapomtaja mwanadamu aliye bado duniani, hutumia neno la Kilatini "viator", yaani aliye njiani. Sisi Waswahili nasi hatukubaki nyuma. Tukitaka kusema tabia ya mtu, twasema "mwenendo" wake, na neno hilo ni mtoto wa "kwenda". Hakuna asemaye kwamba fulani ana makao mema, akiwa na maana ya tabia. Mtu akiketi, wema wake haujulikani bado. Akiinuka na kwenda, ndipo tunapomwona.

Lakini hapo wahenga wenyewe waonekana kama wanagombana. Mmoja asema: "Tembea uone." Mwingine amjibu: "Mtembezi hula miguu yake." Wa kwanza amsukuma mtu atoke nje apate akili, wa pili amwonya kwamba kwa kutangatanga atapata uchovu tu. Nani asema kweli? Wote wawili, kwa kuwa wa kwanza amesema habari za mtu atembeaye ili aone kitu, na wa pili amesema habari za mtu asiye na shabaha. Ugomvi wao si mkubwa.

Ugomvi mkubwa ni namna tunavyoyagawa maneno hayo mawili. Kijana wa kiume akipanda meli kwenda Kigoma, au akienda Lubumbashi kutafuta kazi, akarudi baada ya mwaka mmoja, watu husema: "Huyu ameona dunia." Dada yake akienda safari ileile, akarudi siku ileile na mizigo ileile, huitwa mtembezi, na wachumba huambiwa wajihadhari. Mwanamume hupewa methali ya kwanza, mwanamke hupewa ya pili, hata kabla hawajaulizwa walikokwenda na walichokifanya. Mwenye duka aliye na mawe mawili ya mizani, moja la kununulia na jingine la kuuzia, twamwita mwizi. Nasi tunaowapima ndugu wawili kwa mawe mawili, tujiiteje?

Sasa tuwatazame watoto wa neno. Wa kwanza ni "kutembeza". Mama wa ndagala atembeza samaki, na hapo hakuna neno baya. Chakula cha watoto wake chapatikana kwa miguu yake. Lakini geuza kidogo ukasema "kutembezwa", na mara giza laingia. Kutembezwa ni kwenda kwa miguu yako mwenyewe lakini kwa mapenzi ya mtu mwingine.

Mwambao wetu walijua neno hili vizuri mno. Kaskazini ya mahali ambapo mto Lukuga hutoka ziwani, kuna Mtowa. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka Manyema ilifika hapo, na watumwa wakavushwa ziwa mpaka Ujiji, kisha wakatembezwa hadi pwani, mwendo wa miezi. Miguu ilikuwa yao, na njia ilikuwa ya bwana. Kardinali Lavigerie alipozunguka miji ya Ulaya mwaka wa 1888 akiupinga utumwa, habari alizozitoa zilikuwa habari za njia kama hizo. Na mji wetu wenyewe, uliokuwa ukiitwa Albertville, ulianza mwishoni mwa mwaka wa 1891 kama boma la Kapteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga biashara ya watumwa. Tuseme basi kwamba Kalemie ilizaliwa kwa ajili ya watu waliotembezwa.

Hata hivyo boma halikumaliza jambo hilo. Utawala wa kikoloni nao uliwatembeza watu. Kabla reli ya kutoka Kabalo haijafika hapa mwaka wa 1915, mizigo ya bara ilipita juu ya vichwa vya wapagazi, na wengi wao hawakuulizwa kama wapenda. Na huku akitembezwa na mzigo wa serikali, mtu huyohuyo hakuweza kuhama kwao kwa hiari yake bila hati ya ruhusa. Hapo twaona kwamba kutembezwa na kukatazwa kutembea ni ndugu. Wote wawili wamnyang'anya mtu haki ya kusema: "Naenda kule, kwa sababu hii."

Na siku zetu hizi? Tangu mwaka wa 2016 mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipozidi katika jimbo letu la Tanganyika, mamia ya maelfu ya watu waliacha nyumba na mashamba yao. Mwezi wa Februari 2025, Bukavu ilipotekwa, wengine walifika kwa mashua bandarini kwetu wakiwa na bahasha za nguo na watoto mgongoni. Kiswahili kina neno fupi kwa safari ya namna hiyo: "Miguu niponye!" Mtu hana njia wala mwenyeji anayemngoja, ana miguu tu, naye aiomba imwokoe.

Watu hawa walipojenga vibanda vya majani na maturubai kando ya mji, waliitwaje na baadhi yetu? Waliitwa watembezi. Walisemwa kwamba wanazurura sokoni, kwamba wanazunguka nyumba za watu wakiomba kibarua. Hapo neno limetumika kwa uongo. Mtembezi ni yule aliye na nyumba akaiacha kwa uvivu. Aliyechomewa nyumba hatembei, ametembezwa. Kumwita mtembezi ni kumpokonya mara ya pili, maana mara ya kwanza alipokonywa shamba, na mara hii apokonywa sababu yake.

Mtoto wa pili wa neno ni "kutembea na". Sote twajua watu wanavyolitumia kwa kuficha haya, na hatuna haja ya kueleza zaidi. Lakini tulitazame lenyewe. Neno "na" ni neno jema. Ni neno la wenzi na la ndugu. Katika Injili ya Mtakatifu Luka twasoma habari za wanafunzi wawili walioondoka Yerusalemu kwenda Emau wakiwa na huzuni, na mgeni akaungana nao njiani, akaufuata mwendo wao, akawasikiliza kwanza kabla ya kuwafundisha. Walipofika hakuwaacha mlangoni, bali aliingia akaketi nao mezani. Huko ndiko kutembea na mtu.

Sasa mlinganishe na huyo anayesemwa mjini kwamba "anatembea na" binti fulani. Atembea naye kweli? Mchana akimwona barabarani hujifanya hamjui. Mimba ikiingia, njia zao zaachana. Akiugua, hayupo. Anayetembea na mtu hufika naye. Huyu amemwacha njiani. Kwa hiyo twasema kwamba wazinzi wameliiba neno hili, wakaliweka kazi isiyo yake, nasi twawasaidia kila tunaponong'ona. Tuwarudishie wanandoa waliozeeka pamoja neno lao. Mume na mke waliopanda mihogo pamoja, wakazika mtoto pamoja, wakazeeka pamoja, hao ndio wanaotembea mmoja na mwenzake.

Mtoto wa tatu ni "kutembelea". Msikilize vizuri. Ukisema "natembea", sentensi imekwisha, wala hakuna atakayekuuliza zaidi. Ukisema "natembelea", kila mtu atangoja: watembelea nani? Neno halisimami bila mtu mwingine. Na tena, twasema fimbo ya mzee ni fimbo ya "kutembelea", kwa sababu huegemea juu yake. Kumtembelea mtu na kutembelea fimbo ni neno moja. Tusidhani kwamba ni bahati tu. Anayekwenda kumwona mgonjwa huwa fimbo yake kwa saa moja.

Bikira Maria alipopata habari kwamba Elizabeti ni mja mzito katika uzee wake, aliondoka upesi kwenda nchi ya milimani, akakaa naye kama miezi mitatu. Kanisa likaifanya safari hiyo kuwa sikukuu, na katika rozari tunaitafakari, kama kwamba kwenda kumwona mwenzako ni jambo kubwa la kutosha kukumbukwa milele. Na kweli ni kubwa.

Lakini tusitafute mifano ya mbali tu, maana ng'ambo ya ziwa letu yuko mmoja. Adriano Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo, yapata mwaka wa 1866. Alipokuwa mtoto alitekwa, akapitishwa jangwa la Sahara pamoja na msafara, kama bidhaa nyingine. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walimkomboa huko Algeria. Akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Mwaka wa 1888 alitumwa kuja Tanganyika, na kutoka pwani alikuja na msafara kwa njia zilezile ambazo watumwa walikuwa wakitembezwa, lakini yeye aliigeuzia njia mgongo: wao walikuwa wanashuka kwenda kuuzwa, yeye alikuwa anapanda kwenda kuponya. Akakaa Karema, akiwa daktari na katekista, mpaka alipokufa mwaka wa 1956. Mitume wengi wametembea sana. Huyu alitembea mara moja, kisha akakaa zaidi ya miaka sitini akiwatembelea watu walewale.

Tazameni mtu huyu mmoja. Utotoni alitembezwa, ukubwani akatembelea. Miguu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni jambo moja tu, kwamba safari ya pili aliikubali mwenyewe, na mwisho wake palikuwa na mtu wa kumwona. Hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Kutembea si kwema wala si kubaya. Kunakuwa kwema au kubaya kwa kujibu maswali mawili: je, ni kwa hiari yako? na huko mwisho, yuko nani? Asiye na hiari ametembezwa, naye ahurumiwe, asilaumiwe. Mwenye hiari asiye na mtu mwisho wa njia yake, huyo ndiye ajihadhari na miguu yake.

Labda mtu atatupinga: "Mbona wako wanaotembelea watu kwa hila? Wako wanaokwenda kumwona mgonjwa ili wakahesabu vyombo vya nyumba yake. Wako wanaofika kwenye vibanda vya wakimbizi na kilo mbili za unga na wapiga picha watatu." Ndugu huyo asema kweli. Kutembelea kwaweza kuoza kama vile samaki mzuri anavyoweza kuoza. Ndiyo sababu neno letu lina mtoto wa nne, naye ndiye aliyewazidi wote kwa tabia. Jina lake ni "kutembeleana".

Kutembeleana ni wewe kuja kwangu, na mimi kuja kwako. Hapo hila haipati nafasi. Anayekwenda daima kwa maskini na asikubali maskini aje kwake, huyo bado ni bwana, hata kama mikono yake imejaa unga. Anapenda kuonekana mlangoni mwa mwenzake, lakini mlango wake mwenyewe una kufuli. Kipimo ni rahisi, na kila nyumba yaweza kukitumia bila kumwuliza paroko. Wale watu waliofika na bahasha zao, tuliowapelekea nguo wakati wa Kwaresima, ni nani kati yao amewahi kuketi uani kwetu, akapewa kiti, akala ugali na ndagala pamoja nasi, akatuambia habari za kwao? Ni nani aliyewahi kuja kutuangalia sisi tulipokuwa wagonjwa? Kama jibu ni "hakuna", basi tumewatembelea, bali hatujatembeleana.

Najua wengine watasema: "Sisi wenyewe hatuna kitu. Maji ya ziwa yamepanda na kuharibu nyumba za watu. Bei ya mchele inatushinda. Tutawapa nini?" Wahenga walikwisha kujibu: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mwenyeji atapunguziwa, walisema atapona. Na walijua pia kwamba mgeni hapaswi kubaki mgeni daima, ndiyo maana siku ya tatu walimpa jembe. Wengi hulitumia neno hilo kama la kumfukuza mtu. Sisi twaliona ni neno la heshima. Ukimpa mtu jembe, umempa na mahali pa kulima. Umesema kwamba yeye si wa kuhurumiwa tu, bali ni wa kufanya kazi pamoja nawe. Na kama uwezo wa kutoa shamba haupo, basi saa moja ipo, na miguu ipo. Kutembeleana ni sadaka ambayo hata aliye maskini kabisa aweza kuitoa, kwa kuwa gharama yake ni nyayo.

Basi, ndugu wasomaji, Jumapili hii baada ya Misa, padri atakapotuambia twende na amani, tusikimbilie kila mtu njia yake. Kila jumuiya ichague nyumba moja ya watu waliofika kwa miguu niponye. Tusiende kundi zima kama wakaguzi. Waende wawili au watatu, wakakae, wakasikilize. Na kabla ya kuaga, wasisahau kuwaelekeza wenyeji wao kwa maneno dhahiri: nyumba yetu iko upande gani, mlango ni wa rangi gani, na Jumapili ijayo tutakuwapo. Halafu, Jumapili hiyo ikifika, tukae nyumbani, tuteke maji, tuandae kiti. Mtoto asije akawajibu mlangoni kwamba baba ametembea.